Kabla Hujanunua Mtoto wa Iguana, Soma Kwanza Kosa Langu

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya makala ya kideri, ile yenye ratiba ya chanjo. Inakuja. Leo naomba nitoe jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwezi wa sita, na linahusu mnyama ambaye sikufundishwa chuoni wala sikutegemea kuja kumwandika humu: iguana.

Usicheke. Vijana watatu wameshaniuliza habari zake, wote wafugaji wa biashara, wote wameona video kwenye simu. Maswali yao ni yaleyale: anakula nini, nyumba yake ikoje, ana soko? Nitajibu. Ila naanza na kosa langu, maana ushauri mbovu wa kwanza alioupata mmoja wao ulitoka kwangu.

Ni kijana wa huku Iringa, ana kuku wa mayai 600, kazi yake safi, daftari lake la mayai limenyooka kuliko la ofisi yetu. Nilikwenda kumwangalia kuku, tukamaliza, akaniambia, "Mtaalam, njoo ndani uone na huyu." Sebuleni, kwenye sanduku la kioo lililowekwa dirishani, kulikuwa na mjusi wa kijani, mwili mdogo na mkia mrefu kuliko mwili. Alimnunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Umri wake ulikuwa kama miezi mitano.

Nikamshika. Mapaja yalikuwa manene, yamejaa, magumu. Sasa sisi watu wa mifugo tumezoea kumpima mnyama kwa nyama. Ng'ombe tunaangalia mbavu na nyonga, kuku tunapapasa kidari. Nikamwambia, "Huyu kweli umemlisha." Nikamuuliza anakula nini. Akasema kabichi, mkate, yai la kuchemsha siku mojamoja, na chakula cha kuku kidogo kwa ajili ya nguvu. Nikasema safi, endelea hivyohivyo. Nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, simu. "Shikamoo mtaalam. Samahani kwa kukuamsha. Hasimami."

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Daktari hakuanza na miguu. Alimfungua mdomo, akabonyeza taya la chini kwa kidole kimoja taratibu. Likabonyea kama kandambili. Akaniangalia mimi, sio kijana. Yale mapaja niliyoyasifu hayakuwa nyama. Mifupa ilikuwa imepungukiwa kalsiamu kwa muda mrefu, mwili ukawa unaizungushia nyuzi nyuzi ngumu ili kuushikilia mguu usivunjike, na mguu ukavimba ukaonekana umenona. Kwa watu wanaowajua wanyama hawa, mapaja manene na magumu kwa iguana mdogo ni dalili ya hatari. Mimi niliyaona kama afya.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: yule kijana anaijua kalsiamu. Ninyi wote mnaijua. Kuku wa mayai akikosa chokaa kwenye chakula, ganda linakuwa laini, na yeye mwenyewe anachota kalsiamu kwenye mifupa yake ili atengeneze yai, mpaka siku moja unamkuta amelala ubavu hawezi kusimama. Ganda moja tu la yai lina kama gramu 2 za kalsiamu. Kijana yule hajawahi kusahau chokaa bandani hata siku moja. Lakini mlango wa sebule aliuvuka akiwa mtu mwingine, kana kwamba mnyama wa kupendeza haishi kwa kanuni zilezile za mnyama wa biashara. Na mimi nikauvuka naye.

Haya, tuingie kwenye kazi.

Iguana wa kijani kwao ni kuanzia Mexico kushuka hadi Brazil na Paraguay, pamoja na visiwa vya Karibi. Anakaa juu ya miti, mara nyingi karibu na mito, kwenye joto na unyevu. Mwili wake hautengenezi joto, unalichukua nje. Mnakumbuka kwa nini tunalea vifaranga kwenye bruda: wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, halafu tunashusha kidogo kila wiki, mpaka manyoya yatoke. Basi iguana ni kifaranga ambaye manyoya hayatoki maisha yake yote. Sehemu yake ya kuota joto inatakiwa ifike kama nyuzi 32 hadi 35, upande mwingine wa nyumba ubaki 26 hadi 29 ili akichoka na joto ahame, na usiku isishuke chini ya 21 au 22. Kwa Dar, Tanga au Morogoro hiyo si shida kubwa. Huku Iringa, na ndugu zangu wa Njombe, Mbeya na Lushoto, usiku wa mwezi wa sita na wa saba chumba kinaweza kushuka chini ya nyuzi 15. Iguana akipoa, tumbo nalo linasimama. Chakula alichokula jioni kinakaa humo kinachacha. Utaona hali, utasema mlo umemchosha, utambadilishia mlo, na tatizo ni baridi.

Taa ya kulelea vifaranga inafaa kwa joto, mradi iwe nje ya wavu ili asiiguse na kuungua. Hapo ndipo wengi wanapofikiri wamemaliza. Ile taa inatoa joto tu. Haitoi miale ya UVB, ile ya jua ambayo ngozi inaitumia kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu aliyokula inapita tu kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Kuku wako wa ndani anaishi bila jua kwa sababu kiwanda au premiksi imemwekea D3 kwenye chakula. Iguana anategemea ngozi yake na jua kuliko vitamini ya kwenye chakula.

Sasa rudi kwenye lile sanduku la kioo dirishani. Kijana aliniambia, "Lakini mtaalam, jua alikuwa analipata kila siku asubuhi." Alikuwa anapata mwanga na joto. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia karibu miale yote ya UVB. Miezi mitano yule mnyama amekaa mbele ya jua la nyanda za juu, jua kali kabisa, na ngozi yake haikupata kitu.

Wenzetu wa Ulaya wananunua taa maalumu ya UVB, wanaiwasha saa 10 hadi 12 kwa siku, wanaiweka umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi kutoka pale anapokaa, na wanaibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu miale inaisha kabla ya mwanga. Ukiweza kuipata, nunua. Lakini sisi tuna jua lenyewe, bure. Tengeneza kizimba cha wavu, kitoe nje asubuhi jua likishapasha, nusu kiwe juani na nusu kivulini, na ukae karibu. Wavu wa juu uwepo, mwewe hajui kama umemnunua kwa bei gani. Angalia siafu pia. Na usimtoe nje ndani ya sanduku la kioo au ndoo ya plastiki. Dakika chache juani humo zinatosha kumuua kwa joto.

Chakula. Hapa nataka tukae kidogo.

Iguana anakula majani. Sio majani na wadudu, sio majani na yai. Majani, tangu anapototolewa mpaka anakufa. Watu wengi wanasema mdogo anahitaji protini ya nyama ili akue haraka, na huo ni mtazamo wetu wa kuku wa nyama tunauhamishia mahali pasipo pake. Protini nyingi ya mnyama inamharibu figo, polepole, na utalijua hilo umeshachelewa. Kwa hiyo yai hapana, dagaa hapana, na chakula cha kuku hapana hata punje. Kile chakula kina dagaa na kimepigiwa hesabu ya ndege anayetaga kila siku.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Mkate na pumba za mahindi ziko kinyume kabisa, fosforasi juu, kalsiamu chini. Majani yanayofaa unayo shambani: sukuma wiki, majani ya mlonge, majani ya mforosadi, majani na maua ya haibiskasi ile ya uani, mradi havijapigwa dawa. Hilo la dawa nalisema kwa sauti, maana nawajua. Sukuma wiki iliyopuliziwa juzi usimpe. Ongeza bamia, boga lililokunwa, na papai kidogo kwa ladha. Kwa aliye mdogo, katakata vipande vidogo, mpe kila siku asubuhi akishaota joto.

Mchicha na spinachi zetu, ambazo kwa binadamu tunazisifu, zina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike. Kipande leo na kipande wiki ijayo si neno, ila usifanye ndio mlo. Kabichi na saladi ni maji tu kwa kiasi kikubwa. Kisamvu kibichi kina sumu, parachichi nalo usimpe kabisa.

Juu ya majani unanyunyiza unga wa kalsiamu isiyo na fosforasi. Ile DCP mliyo nayo stoo siyo, ina fosforasi ndani. Kiasi na mara ngapi, muulize daktari wa mifugo kwa kumpimia mnyama uzito wake. Mimi sitaandika kipimo hapa. Nimejifunza.

Kuhusu unyevu nitasema kifupi: anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 kwenda juu, kwa hiyo mnyunyizie maji majani na kuta za nyumba yake mara mbili tatu kwa siku, na mwekee beseni analoweza kuingia. Wengi hujisaidia humo, badilisha maji.

Nyumba. Mtoto anapototolewa ana sentimita 17 hadi 25 pamoja na mkia. Mkubwa anafika mita 1.5 na kuzidi, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 20. Soma tena hiyo miaka. Ukimnunua ukiwa na miaka 25, utakuwa naye ukiwa unampeleka mtoto wako sekondari. Nyumba ya mkubwa inataka kama mita 2 kwenda juu, mita 2 upana na mita 1 kina, yenye matawi ya kupanda, maana anaishi juu. Hiyo ni stoo nzima ya chakula cha kuku.

Wiki mbili za kwanza muache azoee. Usimshike kila mgeni anapokuja. Na usimkamate mkia, unakatika ukabaki mkononi, na unaoota badala yake hauwi kama ule wa kwanza.

Halafu kuna salmonela, na hapa ndugu zangu wa kuku nisikilizeni vizuri. Reptilia wengi wanaibeba tumboni bila kuugua, kinyesi kinatoka nayo. Ukiwa na mtoto chini ya miaka mitano nyumbani, mjamzito, au mzee mgonjwa, ushauri wangu ni usimlete kabisa. Ukiwa naye tayari, nawa kwa sabuni kila ukimshika, usioshee vyombo vyake jikoni, usimwachie atembee juu ya meza ya chakula. Na kizimba chake kisikae bandani kwa kuku hata kama kuna joto zuri. Ndoo yake, fagio lake na viatu unavyovaa ukimsafishia visivuke kwenda bandani. Unamwekea mgeni beseni la dawa mlangoni akanyage, halafu wewe unatoka kwa iguana na mikono mitupu unaenda kuokota mayai ya kuuza?

Karatasi. Iguana yuko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu 1977, na Tanzania ni mwanachama. Maana yake kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Kijana wetu hakuwa na karatasi hata moja, na mtu aliyemuuzia alishapanda ndege. Anzia ofisi ya wanyamapori kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikwambia "karatasi zitafuata", rudi nyumbani.

Soko je? Najua hili ndilo lililowaleta wengi mpaka hapa. Amerika ya Kati watu wanamla, wanamwita kuku wa mtini, na kuna waliojaribu kumfuga kwa ajili ya nyama. Hapa kwetu hakuna mtu anayeisubiri hiyo nyama. Kuna wanaotaka kununua watoto wa kufuga nyumbani, wachache, wa mjini, na jike anataga mara moja tu kwa mwaka. Ukinipa hela ya kuanzia nitakununulia vifaranga.

Lakini hofu yangu kubwa sio hasara yako. Ni siku utakapochoka. Amekuwa mkubwa, dume, anarusha mkia, nyumba haimtoshi, na mto uko mita mia tatu. Utasema nimwachie tu, Mungu atamlinda. Florida, Marekani, ndivyo walivyofanya, wengine wakatoroka wenyewe, tangu miaka ya 1960. Leo wamejaa, wanakula bustani, wanachimba mashimo kwenye kingo za mifereji, na mwaka 2021 jimbo likapiga marufuku kuwafuga nyumbani. Pwani yetu ina joto kama kule. Na tusijifanye hatujui. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka. Muulize mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji Dar au Tanga vifaranga vyake vinaishia wapi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama huna iguana, sikushauri umnunue. Kama umeshaamua na siwezi kukuzuia, jenga nyumba, weka taa, panda mlonge na sukuma wiki, halafu kaa na nyumba tupu wiki mbili. Pima joto asubuhi, mchana na saa tisa usiku, andika kwenye daftari kama unavyoandika mayai. Umeme wa kwenu ukikatika, andika pia joto lilishuka kiasi gani na ulifanya nini. Ukishindwa kuitunza nyumba tupu kwa wiki mbili, hela yako bado unayo na hakuna aliyekufa. Na kabla ya yote hayo, tafuta daktari wa mifugo aliye tayari kumtibu reptilia. Ukikosa ndani ya umbali unaoweza kwenda na kurudi siku moja, acha.

Kuna wenzangu ofisini wanaona hii si kazi yetu, kwamba ugani ni mahindi, ng'ombe na kuku, na mambo ya mjusi ni starehe za watu. Ningekubaliana nao kama siku ile sebuleni ningesema "mnyama huyu simjui." Sikusema. Nilipapasa mapaja, nikatoa ushauri kwa sauti ya mtaalamu, na kijana akaufuata kwa miezi miwili kwa sababu ya koti langu. Siku hizi nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, naomba siku tatu, naenda kuuliza. Wapo waliokwazika. Mmoja ameniambia nimezeeka.

Yule iguana alipona, kwa kiasi. Daktari alimpa kalsiamu ya sindano, kisha ya kunywa, kijana akamhamishia kwenye kizimba cha wavu chini ya mforosadi, usiku anamrudisha ndani penye joto. Taya limebaki limekaa upande, mguu mmoja wa nyuma umepinda na hautanyooka, anatafuna kwa upande mmoja kwa hiyo majani anakatiwa madogo sana. Suala la karatasi tumelipeleka ofisi ya wanyamapori na bado linaendelea.

Juzi nilipita pale kuchanja kuku. Nikaomba nimshike. Mapaja yamepungua, yamekuwa membamba, na safari hii nikafurahi.

Sehemu ya pili ya kideri ni wiki ijayo. Hakikisheni mna barafu ya kubebea chanjo.